Usinunue stika: jinsi ya kulinganisha prosesa za laptopu na za mezani kabla hujatoa hela

Shangazi yangu alidunduliza hela ya laptopu ya binti yake karibu mwaka mzima, za kikoba na za kuuza vitenge, mana binti alikuwa anaingia chuo mwaka wa kwanza. Siku ya kununua wakanichukua na mimi tukaenda Kariakoo. Duka la kwanza tu tukawekewa mashine mbili mezani, zote nyeusi, zote inchi 14, zote RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 256, zote zimetumika Ulaya zikaletwa huku. Moja ina stika ya i7, nyingine ya i5. Muuzaji akaisogeza ya i7 mbele ya binti akasema, "Mdogo wangu chukua hii, hii ni i7 halafu ni 2.7, hiyo nyingine i5 tena 1.6 tu, ndo mana bei zimepishana."

Nikamwambia, kaka naomba tuziwashe zote mbili. Zikawaka, nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc ikafunguka Task Manager, nikaenda Performance, nikabonyeza CPU (ndo prosesa, ubongo wa kompyuta), halafu nikabofya kulia pale kwenye ile grafu nikachagua ionyeshe Logical processors. Kwenye ile i7 grafu ikagawanyika vijumba vinne. Kwenye i5 vikawa nane. Binti akainama akahesabu kwa kidole, moja mbili tatu mpaka nane, akaniangalia. Juu ya grafu ya kwanza imeandikwa i7-7500U @ 2.70GHz, ya pili i5-8250U @ 1.60GHz. Ile i7 ni ya 2016, ina viini viwili na thredi 4. Ile i5 ni ya 2017, ina viini vinne na thredi 8. Viini ni kama vibarua waliomo ndani ya prosesa, thredi ni kazi ngapi wanazishika kwa pamoja, na kila kijumba kwenye grafu ni thredi moja. Tukachukua i5, na ndo ilikuwa ya bei ndogo.

Tangu siku hiyo naulizwa sana na ndugu na majirani, kwaiyo naandika hapa kila kitu ninachofanya mimi, hatua kwa hatua, ili hata ukienda dukani peke yako usiuziwe stika.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la prosesa

Ukiambiwa "ni Core i5" bado hujaambiwa kitu. Kuna i5 za miaka kumi na kitu iliyopita na kuna i5 za juzi, zote zinaitwa i5. Unachotaka ni jina lote mpaka herufi ya mwisho, mfano i5-8250U, i5-8500, Ryzen 5 5500U. Kama unanunua kwa mtu mtandaoni mwombe apige picha ya ile sehemu ya Task Manager, asikutumie picha ya stika, mana stika zinauzwa rundo na kubandika ni sekunde mbili.

Hata jina linaloonekana kwenye Windows linaweza kuchezewa, mtu anaingia kwenye rejista (pale Windows inapotunza mipangilio yake) anaandika anachotaka. Ndo mana mimi natembea na CPU-Z kwenye flashi, ni programu ya bure, ndogo, inaiuliza prosesa yenyewe. Angalia jina, idadi ya viini na idadi ya thredi, vikikinzana na lile jina ulilotajiwa rudisha mashine mezani uende duka lingine. Kama mashine ina Linux andika lscpu inatosha.

Hatua ya 2: Lisome hilo jina, hapa ndo kazi ilipo

Hapa usikimbie, hapa ndo hela inapookoka au inapopotea.

Kwa Intel za kuanzia 2011 mpaka 2023 hivi, ile namba ya baada ya kistari inaanza na jenereshini, yaani kizazi cha prosesa. i5-6300U ni ya 6, i5-8250U ni ya 8, i5-1135G7 ni ya 11, i5-1235U ni ya 12. Ujanja ni kujua kwamba 10, 11, 12, 13 na 14 ni tarakimu mbili, usisome 1235 ukadhani ni jenereshini ya 1. Tangu mwisho wa 2023 wameanza kuuza nyingine zinaitwa Core Ultra, ile herufi i imeondolewa, hizo bado mpya na bei yake inajulikana iko juu.

Sasa kwa laptopu za kawaida zenye herufi U, kumbuka mstari mmoja mkubwa sana: jenereshini ya 8. Kabla yake i5 na i7 za U zilikuwa na viini viwili tu, hata i7, hata uambiwe nini. i7-4600U viini viwili, i7-6600U viini viwili, i7-7500U viini viwili. Ilipokuja i5-8250U na wenzake 2017 zikawa vinne ghafla, kwa wati zile zile 15. Ndo mana nasema i5 ya jenereshini ya 8 inaipiga i7 ya 7 mchana kweupe. Ila i3-8130U nayo ni ya 8 lakini imebaki na viwili, kwaiyo usiende na jenereshini peke yake, hesabu vijumba kwenye grafu kama alivyohesabu yule binti.

Herufi ya mwisho inakwambia prosesa imetengenezewa maisha gani. U ni ya kubana umeme, ya laptopu nyembamba. Y inabana zaidi na inakwenda polepole kwenye kazi, mimi siishauri. H na HQ ni za laptopu nene zenye feni kubwa, zinakula wati 45 hivi lakini zinapiga kazi, mfano i7-6820HQ ni ya zamani ila ina viini vinne na thredi 8, ukiipata kwa bei ya U za enzi zake fikiria mara mbili kabla hujaiacha, ila ujue betri haikai. Kwenye kompyuta za mezani K ni ile unayoweza kuiongezea mwendo, T imepunguzwa umeme, na F haina grafiksi ndani, yaani bila kadi ya michoro skrini haiwaki kabisa. Nimeona kijana kajikusanyia vipande vyote vya mashine, prosesa ya F, kafunga kila kitu usiku, anawasha feni zinazunguka skrini nyeusi, akadhani mazabodi (bodi kuu) imekufa.

AMD nao wana mtego wao. Ryzen 5 5500U na Ryzen 5 5600U zilitoka mwaka mmoja, 2021, zote viini 6 thredi 12, lakini ya kwanza imejengwa kwa Zen 2 na ya pili kwa Zen 3 (Zen ni ujenzi wa ndani wa AMD, namba kubwa ndo mpya), na Zen 3 ina mwendo zaidi kwa kila kiini. Zile za 7000 za laptopu ndo zinachanganya zaidi, kule tarakimu ya tatu ndo inayosema ukweli: 7520U ni Zen 2, 7530U ni Zen 3, 7540U ni Zen 4. Mtu anaona 7520U na 5600U anasema saba ni kubwa kuliko tano, anaongeza hela, anaondoka na prosesa ya viini 4 ya ujenzi wa zamani akaacha ya viini 6.

Na hizi laptopu mpya za kwenye boksi za bei rahisi, zenye Celeron N4020, jamani. Viini viwili, thredi mbili. Mzazi anaona mpya, ina nailoni, ina waranti, anamnunulia mtoto, na mtoto akifungua mkutano wa Zoom na Word pamoja inaganda. Kwa pesa inayokaribiana na hiyo unapata iliyotumika yenye i5-8250U ambayo kwenye vipimo inaizidi zaidi ya mara tatu. Mpya ya bei ndogo ambayo naweza kuitetea ni yenye Intel N100 ya 2023, viini vinne vidogo, wati 6 tu, na inakaribia i5-6500 ya mezani iliyokuwa inakula wati 65.

Kuhusu gigahezi: usilinganishe gigahezi za prosesa mbili za jenereshini tofauti, haina maana. Ile 1.6 ya i5-8250U ni mwendo wa chini wa kuanzia, ikipewa kazi inapanda mpaka 3.4. Ile i7-7500U inaanza 2.7 inaishia 3.5. Yaani juu kabisa wamepishana kidogo sana, ila mmoja ana watu wanne wa kubeba mzigo na mwingine ana wawili.

Hatua ya 3: Sema kazi yako kwanza

Niwe mkweli hapa, kama kazi yako ni kuandika barua kwenye Word na kusoma PDF, i7-7500U na i5-8250U utaziona sawa tu, mana kazi hizo zinatumia kiini kimoja kwa wakati na kwenye kiini kimoja wanakaribiana. Tofauti inakuja ukifungua tabo 15 za Chrome, YouTube inaimba pembeni, Excel ya kurasa nyingi, na Windows inajiapdeti yenyewe nyuma. Hapo viini viwili vinalia.

Kwaiyo jipange. Uhasibu, stationery, shule na ofisi: tafuta mwendo mzuri wa kiini kimoja na angalau viini vinne, inatosha kabisa, hela inayobaki weka kwenye SSD na RAM ifike 8 au 16. Kuhariri video za harusi, kucompile programu, michoro ya majengo: viini 6 kwenda juu na wati za kutosha, na hapo mimi nakupeleka mezani. Wanaohariri video za simu wajue pia kwamba grafiksi iliyomo ndani ya prosesa inasaidia kufungua video, Intel ya jenereshini ya 7 kwenda juu inafungua HEVC ya biti 10 bila kuumia, na ya 11 inafungua mpaka AV1 (HEVC na AV1 ni namna za kubana video).

Kitu kimoja kinasahaulika: i5-1135G7 inasifiwa kwa grafiksi yake ya Iris Xe, lakini ukiiwekea kijiti kimoja tu cha RAM Windows inaonyesha UHD ya kawaida na mwendo wa picha unashuka, ukiweka viwili jina la Iris Xe linarudi. Prosesa ni ile ile.

Halafu Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya jenereshini ya 8 kwenda juu isipokuwa chache sana, upande wa AMD Ryzen nyingi za mezani kuanzia 2000 na za laptopu kuanzia 3000. Kwaiyo mashine ya jenereshini ya 6 au 7 inunue kwa bei ya mashine isiyo na maisha marefu ya Windows, au kama utaweka Linux sawa, itakutumikia vizuri tu.

Hatua ya 4: Tafuta pointi za kila prosesa

Ingia tovuti ya PassMark, andika jina kamili, utapata namba mbili za muhimu: pointi za jumla na pointi za thredi moja. Ya jumla ndo ya kazi nzito na mambo mengi kwa pamoja, ya thredi moja ndo wepesi wa kila siku, programu kufunguka, kurasa kuitikia. Mimi nazisoma zote mbili na hii ya pili ndo naipa uzito kwa mtu wa ofisi.

i7-7500U iko kwenye elfu tatu na mia kadhaa za jumla, i5-8250U iko kwenye elfu tano na mia kadhaa kwenda juu. Zinapanda na kushuka kidogo mana zinatokana na watu wanaopima mashine zao, kwaiyo tofauti ya asilimia tano usiilipie hata senti. Tofauti ya thuluthi nzima, hiyo utaisikia mkononi.

Hatua ya 5: Gawanya bei kwa pointi

Chukua bei, ongeza kila kitu utakachotakiwa kununua baada ya hapo (SSD, RAM, chaja, betri), halafu gawanya kwa pointi za jumla. Mfano wa hesabu tu, bei hizi nimezipanga mimi: mashine A ni 420,000 na ina pointi 3,600, hapo kila pointi unailipia shilingi 117 hivi. Mashine B ni 480,000 ina pointi 5,900, kila pointi shilingi 81. B ni ghali kwa 60,000 ukiangalia kibandiko cha bei, ila ndo rahisi. Sasa ukigundua B haina SSD na utanunua ya 60,000, inakuwa 540,000, kila pointi 92 hivi, bado B inashinda.

Hesabu hii ina mpaka wake, ukiifuata kipofu itakupeleka kwenye jimashine la kizamani linalokula umeme. Weka kwanza kiwango chako cha chini, viini vinne na jenereshini inayokubali Windows 11, halafu gawanya kwa zile zilizovuka tu.

Hatua ya 6: Laptopu au ya mezani?

Jina linafanana, mwili haufanani. i5-8250U ya laptopu ina viini vinne na wati 15. i5-8500 ya mezani ya jenereshini hiyo hiyo ina viini sita na wati 65, feni yake kubwa, hewa inapita. Hata za karibuni, i5-1235U ya laptopu na i5-12400 ya mezani zote zina thredi 12, ukisoma haraka unaona sawa, ila ya laptopu ina viini viwili vikubwa na vinane vidogo, ya mezani ina sita vyote vikubwa. Kazi fupi na nyepesi utaziona zinakaribiana, kazi nzito ya nusu saa ya mezani inaiacha ya laptopu mbali.

Kwaiyo kama una stationery, studio, au chumba chenye meza yake na huhami, ya mezani inakupa mwendo mwingi kwa hela kidogo, hasa zile za ofisi zilizotumika zenye i5-8500. Na kesho unaweza kuibadili. Soketi (pale prosesa inapokaa kwenye bodi) ya AM4 ilibeba Ryzen za kwanza za 2017, na mazabodi nyingi za zamani za AM4, ukisasisha BIOS (programu ya ndani ya bodi), zinakubali Ryzen 5 5600. Kwa Intel kuwa makini, jenereshini ya 6 na 7, na ya 8 na 9, soketi zinafanana umbo lakini mazabodi hazipokeani, ukinunua i5-8500 ukaipeleka kwenye bodi ya i5-6500 inaingia vizuri kabisa na haiwaki. Kwenye laptopu za sasa prosesa imechomelewa kwenye bodi, fundi akikwambia atakubadilishia U ya jenereshini ya 7 aweke ya 8 muage kwa heshima.

Anayetafuta ya mezani yenye nguvu sana iliyotumika, i7 au i9 za jenereshini ya 13 na 14, ulizia historia. Baadhi zilikuwa na tatizo la voltiji kupanda zikawa zinachakaa na kukwamisha mashine, Intel wakatoa marekebisho ya BIOS mwaka 2024 na kuongeza waranti miaka miwili. Iliyokwisha kuchakaa BIOS haiiponyi.

Umeme nao ni hela. Tuseme ya mezani pamoja na skrini inakula wati 80, saa 8 kwa siku, siku 30: uniti 19 na kidogo. Laptopu ya wati 20 kwa saa hizo hizo ni uniti 5 hivi. Mtu wa nyumbani anayejibana asivuke uniti 75 za LUKU kwa mwezi hizo 14 za katikati anaziona. Na umeme ukikatika ya mezani inazima na kazi yako, laptopu inaendelea, weka na bei ya UPS kwenye ile hesabu ya hatua ya 5.

Hatua ya 7: Ipime pale pale dukani

Prosesa nzuri kwenye laptopu iliyojaa vumbi ni prosesa mbovu. i5-8250U ile ile watengenezaji wengine wanaiachia wati 25, wengine wanaibana mpaka 10, na pasta ya joto (ile inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye kipoozeo) ya miaka saba imekauka kama udongo. Omba dakika kumi, kuwa mpole, mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niichoshe kidogo nione." Anayejiamini atakuvutia kiti.

Chomeka chaja yake halisi kwanza, mana baadhi ya laptopu zikiona chaja ambayo haziitambui zinashusha prosesa mpaka chini ya gigahezi moja na utadhani mashine ni mbovu. Endesha Cinebench R23, programu ya kuipima prosesa kwa kuichosha, yenyewe ikiachwa inapiga dakika kumi. Pembeni fungua Task Manager uangalie mwendo. Mwanzoni utaona inaruka juu, 3.4 au zaidi, baada ya nusu dakika inashuka kidogo inatulia, hiyo ni kawaida kwa laptopu. Ikishuka ikakaa chini ya ule mwendo wa kuanzia ulioandikwa kwenye jina, mfano i5-8250U ikagota 1.1, hapo joto limeikaba au ni zile zilizobanwa wati. Weka kiganja upande inakotokea hewa, kama feni inalia na hewa haitoki, ndani kuna blanketi la vumbi. Inatibika, kusafisha na pasta mpya, ila iwe kwenye bei, punguziwa au afanye kabla hujalipa. Na Dar ya Januari usiipime dukani kwenye kiyoyozi ukaridhika, mana chumbani kwako kuna joto lingine.

Ukiridhika, kabla ya kutoa hela mwambie aandike kwenye risiti jina lote la prosesa, i5-8250U, pamoja na namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyoko kwenye kava la chini, asiandike "laptop i5" akaishia hapo. Sisi tuliandikiwa hivyo, wiki ya pili ikaonyesha shida ya kibodi, tukarudi, na hakukuwa na ubishi mashine ipi ilitoka pale. Binti alibadilishiwa kibodi siku hiyo hiyo akapanda basi la chuo kesho yake.